Hoteli Ndani ya Hifadhi: Tunakodisha Nini Hasa?

Agosti 2025 kambi ya kifahari yenye mahema 20 ilifunguliwa kando ya Mto Sand, ndani ya Hifadhi ya Maasai Mara, karibu kabisa na mpaka wa Kenya na Tanzania. Kila hema lina bwawa lake dogo la kuogelea, na bei ilitangazwa kuanzia dola 3,500 hivi kwa usiku. Kabla wageni wa kwanza hawajafika, kiongozi mmoja wa Kimaasai alikuwa ameshafungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Narok. Aliwashtaki wamiliki wa kambi, kampuni ya kimataifa ambayo jina lake ndilo linalosomeka langoni, Serikali ya Kaunti ya Narok na mamlaka ya mazingira. Alidai kambi imekaa katika njia ya nyumbu wanaopita kati ya Serengeti na Mara. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, likajibu kwamba kumbukumbu zake za mwaka 1999 hadi 2022 zinaonyesha nyumbu hutumia upana wote wa mpaka, na kwamba kambi haikuzuia ushoroba wowote. Wakosoaji nao wakakumbusha kuwa mpango wa usimamizi wa hifadhi hiyo wa 2023 hadi 2032 ulikusudia kusimamisha ujenzi wa malazi mapya ndani yake.

Sina nia ya kuamua kesi ile. Kinachonishughulisha ni wakati mabishano yalipoanza. Misingi ilikuwa imeshachimbwa, vitanda vimeshatandikwa, picha za matangazo zimeshasambaa dunia nzima, ndipo wananchi wa kawaida wakapata nafasi ya kuuliza nani aliruhusu, kwa masharti gani na kwa malipo gani. Jambo hili limejirudia katika hifadhi nyingi za Afrika Mashariki. Mjadala huanza pale ambapo mkataba umeshasainiwa, na mkataba wenyewe hauonekani.

Kama serikali ikodishe ardhi ya hifadhi kwa mwenye hoteli au isikodishe, hilo lilishaamuliwa kwa vitendo zamani. Loji ya Kilaguni, ndani ya Tsavo Magharibi, ilifunguliwa mwaka 1962, kabla Kenya haijapata uhuru, ikawa ya kwanza katika hifadhi ya taifa ya nchi hiyo. Tanzania ilifuata njia yake. Katika miaka ya 1970 serikali, kupitia shirika lake la utalii, ilikuwa na loji zake Seronera na Lobo, majengo yaliyokumbatia miamba kiasi kwamba pimbi hupita karibu na meza za wageni. Ramani ya Lobo ilichorwa kwa kutegemea wageni wanaotoka Nairobi kupitia Mara. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na Lobo ikabaki na vyumba vizuri bila njia ya wageni wake. Miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa hoteli za umma: mafuta hakuna, vipuri hakuna, mabomba yanavuja. Mwishowe zikakabidhiwa kwa sekta binafsi. Siyatamani yale. Serikali haikuwa mwenye hoteli hodari, na anayedai leo kwamba wawekezaji waondoke wote anapaswa kueleza nani atalipa mishahara ya askari wa uhifadhi mwezi unaofuata.

Tena ipo mifano ya pango linaloilinda hifadhi. Ninaoupenda kuliko yote uko Zanzibar, katika kisiwa kidogo cha Chumbe. Mwaka 1994 matumbawe ya upande wa magharibi wa kisiwa hicho yalitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na usimamizi wake ukakabidhiwa kampuni binafsi. Mwenye kampuni alijenga mabanda saba tu. Mapaa yake yametengenezwa ili kukinga maji ya mvua, maana kisiwa hakina chemchemi. Vyoo havitumii maji, na kinyesi hugeuzwa mboji. Umeme unatoka kwenye jua. Wavuvi waliokuwa wakitega eneo lile walifundishwa na kuajiriwa kuwa walinzi wa matumbawe, na wanafunzi wa shule za Unguja hupelekwa kujifunza kwa fedha zinazoachwa na watalii. Idadi ya vitanda ilipangwa kwanza kulingana na uwezo wa kisiwa, kisha biashara ikatafutiwa namna ya kuishi ndani ya idadi hiyo.

Rwanda nayo ilipita njia tofauti kidogo. Akagera ilipoteza zaidi ya nusu ya eneo lake mwaka 1997, ardhi ilipohitajika kwa familia zilizorejea baada ya mauaji ya kimbari, na simba wake wote walikuwa wamekwisha. Mwaka 2010 serikali iliingia ubia na shirika lisilo la faida la African Parks. Uzio wa upande wa magharibi ukakamilika 2013, simba wakarejeshwa 2015, vifaru weusi 2017. Malazi ya wageni yalifuata nyuma ya ulinzi: kwanza loji inayoendeshwa na uongozi wa hifadhi wenyewe, kisha, mwaka 2019, kambi ya kampuni binafsi. Huko mwenye kambi alikuta tayari shamba lina mwenyewe.

Basi ubaya hauko kwenye hoteli kwa kuwa ni hoteli. Uko kwenye kutojua tunachokikodisha.

Kwenye karatasi, mwekezaji hupewa ekari kadhaa. Ukizipima kwa macho ya ramani, ni nukta tu katika Serengeti yenye kilomita za mraba zaidi ya 14,000. Ndiyo maana maofisa hupenda kusema kuwa eneo lililojengwa ni dogo mno, halifiki hata asilimia moja. Hoja hiyo ni sahihi kwa hesabu na inapotosha kwa kila kitu kingine, kwa sababu hakuna mgeni anayelipa dola 1,000 ili akae ndani ya ekari zile. Analipia kilicho nje yake: maji, njia za wanyama, giza la usiku, ukimya, na barabara ambazo gari lake litapita alfajiri. Hivyo vyote vinatumika, lakini havimo kwenye hati ya pango.

Tuanze na maji. Mto Mara ndio mto pekee wa Serengeti usiokauka kiangazi, na unapita upande wa kaskazini tu. Kwingineko loji huishi kwa visima virefu, maji ya mvua au maboza. Kila bwawa la kuogelea, kila bomba la mvua la nje, kila shuka linalofuliwa kila siku, linategemea hazina hiyohiyo. Baadhi ya hoteli zimetengeneza madimbwi mbele ya baraza ili tembo waje kunywa huku wageni wanatazama. Picha zinapendeza. Lakini maji mapya mahali pakavu hubadilisha maisha ya pori zima, na Afrika Kusini ilijifunza hilo kwa machungu. Katika Hifadhi ya Kruger wahifadhi walichimba visima na mabwawa mengi kwa nia njema, wanyama wasife kwa ukame. Upande wa kaskazini pundamilia na nyumbu wakayafuata maji, simba wakawafuata pundamilia, na korongo, swala adimu aliyezoea nyasi ndefu za mahali pakavu ambapo simba walikuwa wachache, akapungua mno. Kuanzia miaka ya 1990 wakaanza kuyafunga mabwawa hayo. Sasa fikiria uamuzi kama huo ukiachwa mikononi mwa meneja wa hoteli anayetaka tembo wafike wakati wa chai.

Halafu kuna sehemu ambayo mgeni hapelekwi. Nyuma ya jiko la loji yoyote kubwa kuna matangi ya dizeli na jenereta, au safu za betri za umeme jua. Kuna kizimba cha waya cha takataka ili fisi na nyani wasizifikie. Kuna mashimo ya majitaka, karakana, dobi, stoo ya vyakula inayopokea lori kutoka Arusha, na mabweni ya wafanyakazi. Kambi ya kifahari mara nyingi ina wafanyakazi wengi kuliko wageni: wapishi, madereva, wahudumu, walinzi, mafundi. Mkataba unapotaja vitanda 40, kwa kawaida ni vitanda vya wageni. Watu wanaolala hapo, wanaooga, wanaopika na kutupa taka, wanaweza kuwa mara mbili au tatu ya hao. Mpango wa usimamizi unaohesabu wageni peke yao unahesabu nusu ya mzigo, pengine pungufu.

Na magari. Hoteli ikisogezwa karibu na kivuko cha nyumbu, magari yanawahi kivukoni. Julai 2025 zilisambaa video za watalii walioshuka kwenye magari kando ya Mto Mara, upande wa Serengeti, wakiwa wamewazibia nyumbu njia ya kuvuka. Watu waliwalaumu waongoza watalii, na walistahili lawama yao. Lakini idadi ya magari mtoni asubuhi inaamuliwa miaka mingi kabla, siku ambayo mtu alisaini kwamba vitanda vinaweza kuongezwa.

Upande wa fedha ndipo wengi huamini kuwa mambo yako sawa, kwa hiyo tuutazame kwa utulivu. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki anayelala Serengeti msimu wa wageni wengi hulipiwa dola 70 za kiingilio na dola 60 za tozo ya kulala ndani ya hifadhi, kisha juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Jumla ni dola 153 na senti 40 kwa siku. Si fedha ndogo. Lakini tozo ile ya dola 60, ambayo ndiyo kodi ya pango hasa, haibadiliki kwa bei ya chumba. Aliyelala kwenye chumba cha dola 300 na aliyelala kwenye hema la dola 3,000 wanaiachia hifadhi kiasi kilekile. Katika chumba cha kwanza hifadhi inapata sehemu ya tano ya bei. Katika la pili inapata senti mbili kwa kila dola. Na yule wa pili ndiye aliyepewa mahali pazuri zaidi, ndiye mwenye bwawa lake peke yake.

Viwango hivi vilikuja baada ya mvutano mrefu. Zamani wenye hoteli walilipa asilimia ya bei ya kitanda, na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA, liliona kuwa bei zinazotangazwa kwake ni ndogo mno kuliko zile wanazolipa wageni. Kuanzia mwaka 2011 likataka kiwango maalumu kwa kila kichwa, wenye hoteli wakapinga, mambo yakafika mahakamani. Naelewa kwa nini TANAPA ilichagua kiwango kimoja. Chumba kinachouzwa London au Dubai pamoja na ndege, gari na chakula hakina bei moja inayoonekana. Mwenye hoteli anaweza kuandika Arusha kiasi kidogo na kuacha kingine kwenye akaunti ya wakala wake ng'ambo. Kiwango cha kila kichwa ni rahisi kukagua: unahesabu watu, unazidisha. Hata hivyo urahisi huo una gharama yake, nayo inalipwa na umma kila usiku.

Njia ya katikati ipo na imeshajaribiwa. Hifadhi za Taifa za Afrika Kusini zilipoanza kukodisha maeneo ya Kruger mwanzoni mwa miaka ya 2000, ziliwashindanisha waombaji kwa zabuni ya wazi. Kila mmoja alitaja asilimia ya mapato ghafi atakayolipa, na chini yake kukawekwa kiasi ambacho lazima kilipwe kila mwaka, wageni waje wasije. Kiasi cha chini kinamzuia mwekezaji kushika ardhi bila kuifanyia kazi. Asilimia inauwezesha umma kupata zaidi biashara inapostawi. Muda ulikuwa miaka 20, na baada yake majengo yanakuwa mali ya hifadhi. Afrika Mashariki ina wahasibu wa kutosha kufanya hivyo.

Kuna jambo jingine la fedha ambalo Watanzania hawalizungumzii vya kutosha. Kwa Sheria ya Fedha ya 2020, mapato ya TANAPA yalianza kukusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali, kisha hifadhi kupangiwa bajeti. Zipo sababu nzuri za kukusanya fedha za umma mahali pamoja. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba anayebeba uharibifu siye aliyeshika malipo. Mhifadhi wa kanda anayetaka kusema hapana kwa vitanda vipya anapambana na lengo la makusanyo lililopangwa Dodoma, na ofisi inayoweka lengo hilo haina kazi ya kupima nyasi.

Muda wa mkataba na mwisho wake ndipo mahali ambapo hata mataifa yenye wanasheria wengi yameumia. Marekani, iliyoanzisha hifadhi ya kwanza ya taifa Yellowstone mwaka 1872, nusura ipangishe sehemu zake bora kwa kampuni moja miaka kumi baadaye. Kampuni hiyo ilikuwa karibu kupewa ekari 4,400, zikiwemo za kuzunguka chemchemi za maji moto, kwa dola 2 kwa ekari. Ilianza kujenga hoteli na kuajiri wawindaji, wafanyakazi wapate nyama ya wanyama walewale ambao hifadhi iliundwa kuwalinda. Seneta George Vest na Jenerali Philip Sheridan walipiga kelele, na mwaka 1883 Bunge likatunga masharti: pango lisizidi ekari kumi, muda usizidi miaka kumi, chemchemi na maajabu mengine yasiwe sehemu ya pango, na umma usizuiwe kuyafikia. Kampuni ilifilisika mwaka uliofuata. Sharti lile la mwisho bado ni zuri kuliko mengi ninayoyasikia leo, wakati baadhi ya kambi zinauza ahadi ya kwamba mgeni hatamwona mtu mwingine.

Miaka zaidi ya mia moja baadaye, Marekani hiyohiyo iliteleza Yosemite. Kampuni iliyokuwa ikiendesha hoteli za hifadhi hiyo tangu 1993 ilishindwa zabuni mwaka 2015. Wakati wa kukabidhi ikagundulika kuwa ilikuwa imesajili alama za biashara kwa majina ya mahali penyewe, pamoja na Ahwahnee, hoteli ya mwaka 1927. Ikadai dola milioni 51, wakati serikali ilikadiria alama hizo na mali nyingine zisizoshikika kuwa dola milioni 3.5. Machi 2016 mabango yakafunikwa na hoteli zikapewa majina mengine. Shauri lilimalizika 2019 kwa malipo ya dola milioni 12, majina yakarudi. Taifa lililipa ili litumie majina ya hifadhi yake lenyewe. Hakuna aliyepora kitu. Kila kilichofanyika kilipata nafasi kwa sababu mkataba wa awali haukukizuia.

Kwetu hatari hiyo ina sura yake. Hoteli moja ndani ya Serengeti ilifunguliwa mwaka 2009 ikiendeshwa na kampuni ya Kijerumani, na mwishoni mwa 2012 ikawa chini ya kampuni ya Kanada, mwenye jengo akiwa mwekezaji wa Dubai. Hakuna kosa lolote hapo. Ndivyo biashara ya hoteli inavyoendeshwa duniani. Lakini inaonyesha kuwa pango moja lina wahusika watatu: umma wenye ardhi, mwenye jengo, na mwenye jina. Jambo likiharibika, mwenye jina husema yeye ni mwendeshaji tu, mwenye jengo husema uendeshaji si wake. Mkataba mzuri unamtaja atakayejibu, na hauruhusu pango kuuzwa au kupewa mwingine kimyakimya kwa kuuza hisa za kampuni iliyosajiliwa katika kisiwa cha mbali.

Nimeliacha kwa makusudi mpaka hapa jambo lililo zito kuliko yote, la watu waliotolewa.

Serengeti ilikuwa malisho. Kwa makubaliano ya mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walikubali kuondoka humo, pamoja na kwenye miamba ya Moru, kwenda Ngorongoro, na 1959 eneo la Ngorongoro likaanzishwa kwa sheria yake. Upande wa magharibi Waikoma, Wanata na Waisenye nao walipoteza mapori waliyokuwa wakiwinda. Sababu waliyopewa ilikuwa kwamba makazi ya watu na uhifadhi wa wanyama havikai pamoja ndani ya hifadhi ya taifa. Mtu anaweza kuikubali sababu hiyo. Wengi waliikubali, au walilazimika. Lakini sababu iliyomwondoa mfugaji na boma la miti na samadi haiwezi kunyamaza mbele ya jengo la zege lenye vyumba zaidi ya 70. Tangu 2022 familia nyingi zimehamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, kwa hiari kama serikali inavyoeleza, kwa hoja ya kwamba watu na mifugo wamezidi. Hoteli za ukingo wa kreta zimebaki. Kijana wa Kimaasai anayeuliza kwa nini kinyesi cha ng'ombe ni uharibifu na majitaka ya hoteli ni maendeleo hajauliza swali la chuki. Ameuliza swali la haki, na anastahili kujibiwa kwa takwimu za maji, taka na idadi ya watu, zilizopimwa kwa kipimo kilekile pande zote mbili.

Uganda huzipa jamii jirani asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi, na Rwanda asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi. Tanzania ina mpango wa Ujirani Mwema unaojenga madarasa na zahanati. Hayo yote ni mema. Ila mgawo wa mapato ni kitu ambacho mkubwa huamua kumpa mdogo, na hauwezi kulingana na kuwa na ardhi. Ndiyo maana nadhani hoteli mpya zijengwe pembeni ya hifadhi, kwenye ardhi ya vijiji. Jumuiya ya Ikona, inayounganisha vijiji vitano vikiwemo Robanda na Nyichoka, imekuwa ikiingia mikataba na wawekezaji kwenye ardhi yake yenyewe magharibi mwa Serengeti. Kuzunguka Mara, familia za Kimaasai zimeunganisha mashamba yao kuwa maeneo ya uhifadhi kama Olare Motorogi na Naboisho, na kila mwezi mwenye shamba hulipwa kodi kwa ekari. Idadi ya mahema huko ina kikomo. Migogoro ipo, wakubwa wa kijiji hula zaidi, na janga la Uviko lilionyesha jinsi kodi hiyo inavyoyumba watalii wasipokuja. Hata hivyo mwenye ardhi yupo mezani, mkataba una jina lake, na ukiisha anaweza kukataa.

Sheria za kuuweka umma mezani hatuna haja ya kuziomba upya. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 62, inazitaja hifadhi za taifa na mapori ya akiba ya serikali kuwa ardhi ya umma, isiyoweza kutumiwa ila kwa masharti ya sheria ya Bunge. Ibara ya 71 inataka makubaliano ya kumpa mtu haki ya kuvuna maliasili yaidhinishwe na Bunge. Tanzania, mwaka 2017, ilitunga sheria mbili za maliasili, mojawapo ikilipa Bunge uwezo wa kupitia upya mikataba yenye masharti hasi. Zilitungwa wakati wa mvutano wa serikali na kampuni za madini kuhusu makinikia, yaani mchanga wa madini, na watu wengi wanazijua kama sheria za madini, lakini wanyama na uoto ni maliasili pia. Nchi zote mbili, kwa bahati mwaka mmoja, 2016, zilipitisha sheria za haki ya kupata taarifa. Na Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Kenya kuhusu barabara ya kukatiza Serengeti, ilionyesha kuwa jirani ana haki ya kusema juu ya hifadhi inayovuka mpaka. Pango la kando ya Mto Sand linamhusu Mtanzania, na pango la Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, linamhusu Mkenya, kwa kuwa nyumbu ni walewale.

Msimamo wangu ni huu. Ndani ya hifadhi ambazo mipango yake ya usimamizi imeshasema vitanda vinatosha, visiongezwe hata kimoja, na anayetaka kujenga aelekezwe kwenye ardhi ya vijiji. Mikataba iliyopo iendelee mpaka tarehe zake, kwa maana serikali inayovunja ahadi zake haitaaminiwa na mwekezaji mwema wala mbaya. Inapokwisha, isiongezwe ofisini. Itangazwe zabuni, na vitanda vihesabiwe pamoja na vya wafanyakazi, maji yapimwe kwa mita, kodi iwe asilimia ya mapato yenye kiwango cha chini, majengo na majina yabaki ya umma. Na mkataba wenyewe, wote, uchapishwe siku 90 kabla ya kusainiwa, kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ofisi za vijiji vinavyopakana na hifadhi. Watasema kuna siri za biashara. Kampuni inayotaka usiri kamili ina viwanja vingi mjini vya kununua. Ardhi hii ilichukuliwa kutoka kwa watu kwa jina la taifa zima, basi taifa zima lina haki ya kusoma masharti yake.

Wewe msomaji unaweza kuanza mapema kuliko Bunge. Kama ni Mtanzania au Mkenya, sheria ya 2016 inakupa haki ya kuiandikia mamlaka ya hifadhi iliyo karibu nawe, ukiomba nakala ya mkataba wa hoteli mojawapo iliyomo ndani yake, tarehe unapoisha, na idadi ya vitanda vilivyoruhusiwa. Andika barua hiyo, na usipojibiwa mpelekee mbunge wako nakala.